Swichi moja, laini mbili: nataka wageni wapite kwao na ofisi ipite kwake

Kijana_wa_Raskazone
Wakuu, salamu kutoka Tanga. Nahudumia mtandao wa loji ndogo huku Raskazone. Tuna laini mbili za intaneti: faiba, na ruta ya 4G inayotumia kadi ya simu. Katikati kuna swichi ya mtumba, Cisco Catalyst 3560, ndiyo inayopanga njia zote. Ofisi iko VLAN 10 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile; huu ni 192.168.10.0/24), wageni wako VLAN 20 (192.168.20.0/24).

Shida ni jioni. Wageni wakitoka kuogelea wanajilaza na filamu, faiba yote inamezwa. Mapokezi mashine ya kadi inazunguka weee, mpaka mteja anauliza kama atoe keshi. Nikajaribu kuongeza njia ya msingi (default route, ya kwenda nje) ya pili kwenda ruta ya 4G. Balaa! Swichi ikaanza kugawa, mawasiliano mengine faiba, mengine 4G, na mhasibu kila akiingia kwenye mfumo wa benki anatolewa nje. Nimeifuta.

Ninachotaka swichi iangalie pakiti (kipande cha data) inatoka kwa nani, siyo inakwenda wapi. Inawezekana? Aliyefunga mtandao huu hapokei simu tangu alipwe.

Mzee wa Ngamiani
Nunua ruta ya MikroTik uachane na hilo lichuma.

Kijana_wa_Raskazone
Mzee wangu, bosi kasema hela hakuna mpaka wageni wa Desemba.

fundi_waya
Inawezekana mkuu, wenyewe wanaiita PBR (policy-based routing), yaani kupanga njia kwa sera uliyoiandika mwenyewe. Kawaida swichi husoma anwani ya kule pakiti inakokwenda tu, ikatafuta njia kwenye jedwali lake. PBR inaidaka pakiti kabla haijafika kwenye jedwali. Kwako, kama ruta ya 4G ni 10.0.2.1, amri ni hizi, zinasema kila kitokacho kwa wageni kipelekwe huko:

access-list 120 permit ip 192.168.20.0 0.0.0.255 any
route-map WAGENI permit 10
match ip address 120
set ip next-hop 10.0.2.1
interface vlan 20
ip policy route-map WAGENI

Sera inabandikwa pale pakiti inapoingilia, yaani VLAN 20, siyo mlango wa kutokea. Wengi wanakosea hapo. Kabla ya yote andika sdm prefer routing (inatenga kumbukumbu ya swichi kwa kazi ya njia), hifadhi, uwashe swichi upya. Na ruta ya 4G uiambie kwamba 192.168.20.0 iko nyuma ya swichi, la sivyo majibu hayatajua pa kurudi. Tanga ni waja leo waondoka leo, pakiti zako zitakuwa za kuondoka tu.

Kijana_wa_Raskazone
Nimecheka peke yangu. Nimejaribu usiku wa manane wageni wamelala. Swichi imeikataa "ip policy", inaniwekea kale kaalama ka ^ chini ya neno. Kwenye show version naona toleo la programu ni IPBASE.

fundi_waya
Aah, umegota hapo. 3560 inataka toleo la juu, IP Services, ndiyo ikupe PBR. Pole sana.

Binti_Pangani
Samahani naingilia. Kaka, hao wageni wana haja yoyote na VLAN 10? Printa, labda?

Kijana_wa_Raskazone
Hawana dada, tena sitaki wafike huko. Ni simu ya meneja tu, anaangalia kamera akiwa kwenye wifi ya wageni.

Binti_Pangani
Basi PBR ya nini? Umeshawatenga kwa VLAN, kilichobaki ni kwamba lango lao (anwani wanayopitia kutoka nje) ni swichi. Ondoa anwani ya IP kwenye interface vlan 20. Chomeka ruta ya 4G kwenye poti iliyo access ya VLAN 20 (yaani ya VLAN hiyo peke yake), uipe 192.168.20.1, na yenyewe ndiyo igawe anwani. Zima DHCP ya wageni (ugawaji wa anwani) kwenye swichi. Swichi itawapitisha kama kebo tu. Hata ile njia ya kurudi anayosema fundi hutaihitaji, maana ruta itakuwa ndani ya mtandao wao. Meneja ahamie wifi ya ofisi.

Lango linabaki na anwani ileile, kwa hiyo simu nyingi hazitashtuka. Itakayogoma, azime wifi awashe.

fundi_waya
Hili sikuliwaza. Fuata ya dada.

Kijana_wa_Raskazone
Mrejesho. Nimefanya leo asubuhi wageni wakiwa kwenye chai. Nimepiga tracert (inaonyesha vituo ambavyo pakiti inapitia) kwenye laptopu ya mgeni mmoja: 192.168.20.1, halafu moja kwa moja mtandao wa simu. Ya mapokezi inapita swichi, kisha ruta ya faiba. Jioni hii mashine ya kadi imetoa risiti mteja hajarudisha pochi mfukoni. Mgeni wa chumba namba 4 kanuna kwamba filamu inakwama, nimemwambia bahari ipo.

Binti_Pangani
Hongera. Umeandika write memory (kuhifadhi mipangilio) lakini? Umeme ukikatika swichi inarudi ilivyokuwa jana.

Kijana_wa_Raskazone
Mungu wangu. Narudi kazini sasa hivi, nipo kwenye bodaboda.