Bata, kuku, kanga au sungura: yupi anafaa ua wenye asmini na mchicha huku Mtwara?

Bi Asmini (Mtwara Mjini)

Wadau, habari za jioni. Nina ua mdogo nyuma ya nyumba, mchanga mtupu kama ulivyo huku karibu na bahari. Upande wa jikoni kuna mchicha, matembele, bamia na mipapai miwili. Upande wa baraza kuna asmini, mrehani, mawaridi na bogenvilia iliyoshika ukuta. Asmini ndiyo roho yangu.

Natafuta mfugo mdogo utakaokaa na mimea hii bila kuiangamiza, tena unipe samadi, maana mchanga huu haushibi. Unaweka mbolea, mvua ikipiga kidogo rutuba imeshazama chini. Jirani anafuga kanga, shemeji yangu anasema sungura, wengine wananiambia kuku wa kienyeji au bata. Maji ya bomba ninayo ila hayatoki kila siku. Mbuzi simtaki kabisa. Naomba mnilinganishie, hasa nyie mnaopanda na kufuga pamoja.

Mwana wa Mikindani

Dada, anza na kuku wa kienyeji. Ndio wanaopatikana kila mahali, mayai yana soko, na mgeni akija una kitoweo. Kuku anaangua siku 21 tu. Tatizo lake ni miguu: anachakura. Mchicha wa wiki moja ataufukua wote kabla hujamaliza kunywa chai, na chini ya waridi ndipo anapopenda kuoga vumbi.

Mimi hufungua banda saa kumi jioni. Wanazunguka uani mpaka giza linapoingia, wanakula wadudu, halafu wanarudi wenyewe. Kwa muda huo mfupi hawafanyi uharibifu mkubwa. Kwenye mashina ya maua napanga makumbi ya nazi. Kuku hawezi kuyapekua na yanatunza unyevu kwenye mchanga.

Mzee wa Tandahimba

Hamjambo wanangu. Bi Asmini, kabla hujauliza mnyama gani, tazama maji yako na udongo wako. Huku juu kwetu Makonde maji ni ya kununua kwa dumu, na bado nafuga bata. Watu wanadhani bata anataka bwawa. Hawa bata wetu wa kawaida, wenye nyama nyekundu usoni, wanataka beseni lenye kina cha kuzamisha kichwa waoshe macho na pua. Basi.

Yale maji machafu ya beseni ndiyo faida yenyewe. Siyamwagi ovyo, yanakwenda kwenye mpapai na migomba kila asubuhi. Maji yaleyale yamemtumikia bata, yamekuwa mbolea, yamenywesha mti. Kwa mtu ambaye bomba lake halitoki kila siku sioni mfugo unaomfaa zaidi.

Halafu bata hachakuri. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, konokono wanatoka usiku na kumaliza miche. Bata anawatafuta mmoja mmoja, na mayai yao anakula. Kasoro zake nazijua: ana mguu mpana anakanyaga miche, anapenda majani laini kama saladi na mchicha mchanga, na penye tope anatoboa kwa mdomo. Kwenye tuta changa weka uzio wa fito ufike magotini. Bata jike mzito haruki hovyo ukimpunguza manyoya ya bawa moja.

Binti Mwera (Lindi)

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu konokono, ila kwa ua mdogo mimi nasema sungura, na sababu ni samadi. Mavi ya kuku ni makali. Ukiyaweka mabichi kwenye shina yanaunguza mizizi, lazima yakae kwenye lundo wiki kadhaa yachanganyike na majani makavu. Ya sungura unaweza kuyazoa leo ukayatia kwenye tuta leo. Kwa mchanga wa pwani hiyo ni neema. Mkojo wake pia naukinga chini ya kizimba, nauzimua kwa maji mengi, namwagilia matembele.

Hatoki kizimbani, kwa hiyo asmini yako iko salama. Anabeba mimba mwezi mmoja tu. Joto letu ndilo adui. Kizimba kikae chini ya mwembe au mkorosho, kiezekwe makuti, upepo upite. Bati tupu litamuua. Dume akipigwa na joto kali muda mrefu hupoteza uwezo wa kuzalisha kwa kipindi, watu wanadhani ni mgonjwa.

Chakula: matembele yaliyonyauka kidogo, majani makavu ya karanga, nyasi. Kisamvu usimpe kibichi, kina sumu ya sianidi, kianike kwanza. Na kama una mwoleanda au waridi la jangwa uani, usithubutu kuwatupia majani yake. Ni sumu kali kwa mnyama na kwa mtu.

Jirani wa Masasi

Mmemsahau kanga. Kwangu ndiye mlinzi. Akiona nyoka uani anapiga kelele mpaka nyumba nzima inatoka, na kwa sisi tunaokaa karibu na mashamba ya mikorosho hilo ni jambo kubwa. Anakula kupe, panzi, siafu, na hachakuri kama kuku. Analala juu ya mti, kwa hiyo banda si gharama.

Lakini kama majirani zako wamebanana, fikiri mara mbili. Kelele zake hazichagui saa. Na jike la kanga ni mama mzembe, anavipitisha vifaranga kwenye umande vinakufa kwa baridi. Wengi tunampa kuku mayai ya kanga aatamie. Hapo uwe makini: ya kanga yanachukua siku 26 hadi 28, hivyo usiyachanganye na ya kuku. Vya kuku vikitoka, mama anaondoka navyo na ya kanga yanapoa.

Bi Asmini

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Kanga nimemtoa kwenye hesabu, nyumba zetu zimegusana kuta. Nimebaki na bata na sungura, ila mama mkwe anataka kuku kwa ajili ya mayai. Je, kuku na bata wanaweza kukaa banda moja?

Daktari wa Kuku (Nachingwea)

Mama, wanaweza kuzunguka ua mmoja, ila banda moja sishauri. Bata analowesha matandiko, na kuku kwenye unyevu anaugua kifua na minyoo. Tena bata anaweza kubeba virusi vya mdondo (kideri) bila yeye kuugua, kuku wako wakaangukia hapo. Mdondo ukiingia kwenye banda lisilochanjwa haubakishi.

Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 inavumilia joto kuliko zile za zamani, ndiyo maana inatufaa vijijini. Ni tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo shirikianeni mtaa mzima mchanje siku moja. Hapo mnakingana, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mlango wa ugonjwa. Chanjeni kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi.

Kwa vifaranga, jaribu hii ya wazee: chukua chungu kibovu, jaza mabua na mavi makavu ya ng'ombe, lowesha kidogo, kifudikize penye njia ya mchwa jioni. Asubuhi kimejaa mchwa. Vifaranga wanakua haraka na pumba inapungua.

Mzee wa Tandahimba

Daktari amesema kweli. Niongeze la mimea, maana Bi Asmini ameanza na maua. Kuanzia Juni hivi, msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa linapeperuka mbali. Mboga zioshwe vizuri, na vyombo vya maji vya bata vifunikwe asubuhi hiyo. Salfa hiyohiyo inasaidia waridi lenye ukungu mweupe, ila pulizia alfajiri. Ukiipulizia kwenye jua kali majani yanababuka.

Na ukiona majimoto, wale chungu wekundu wa mtini, kwenye mwembe au mkorosho wako usiwaue kwa dawa. Wanauma, lakini wanawala mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi. Dawa kali ya kupulizia uani itakuulia majimoto leo na bata wako kesho, kwa sababu bata anakula kila mdudu anayemkuta amelala chini.

Binti Mwera (Lindi)

Bi Asmini, kwa ua wako mimi ningefanya hivi: sungura wawili au watatu chini ya mti upande wa jikoni, samadi iende moja kwa moja kwenye mchicha. Bata dume mmoja na majike wawili upande wa mipapai. Kuku wa mama mkwe wapate banda lao lenye wavu, watoke jioni tu kama alivyosema mwana wa Mikindani. Upande wa baraza usiingie mnyama yeyote. Samadi upeleke wewe kwa ndoo, ikiwa imeshaoza.

Mwana wa Mikindani

Na majike ya bata uyapate kabla ya mvua, dada. Mayai yao yanaatamiwa siku 35, wiki mbili zaidi ya kuku. Wakianza kuatamia Oktoba, vifaranga wanakuwa na nguvu wakati konokono wadogo ndio wanatoka. Ninao majike wanaotaga sasa. Ukija na mche wa asmini yako uliotia mizizi, tutabadilishana.