Naomba ushauri: maelezo ya picha ya unajimu wa Tibet

Wakuu habari. Naandaa maonyesho madogo ya kalenda za dunia, na picha inayonitoa jasho ni Sipaho ya Watibeti. Katikati kuna kobe mkubwa kalala chali. Tumboni kabeba miraba tisa yenye namba, ukijumlisha upande wowote, hata kimshazari, unapata 15. Zipo pia zile alama nane za mistari mitatu mitatu, na wanyama 12, panya hadi nguruwe. Hayo yote yametoka China, sina ubishi.

Lakini juu kabisa amekaa Manjushri, bodhisattva (mtakatifu) wa hekima wa Kibuddha kutoka India, na pembeni ipo nembo ya Kalachakra, yaani "gurudumu la wakati", mafundisho ya Kibuddha yaliyotoka India pia. Hata mzunguko wa miaka 60, ambao kwa Wachina unaanza na panya wa mti (kila mwaka hupewa mnyama na asili, kama mti au moto), Watibeti wanauhesabu kuanzia 1027, mwaka wa sungura wa moto, wakiufunga na hiyo Kalachakra.

Mwenzangu anataka tuandike "kalenda ya Kichina" yaishe. Mimi naona tutawapotosha watu. Kibao kinabeba sentensi mbili tu. Mngeandikaje? Na nianze na kobe au Manjushri?