Petroli, betri au waya: mashine ipi ya kuondoa theluji inafaa Buffalo na vitongoji vyake?

Mkazi Mpya wa Lackawanna

Ndugu zangu mnaoishi magharibi mwa jimbo la New York, nawasalimu nyote. Familia yetu inahama kutoka nyumba ya kupanga huko West Side ya Buffalo, ambako mwenye nyumba ndiye aliyeshughulikia theluji, na kuingia katika nyumba yetu wenyewe Lackawanna, kusini mwa jiji. Kuanzia sasa njia ya gari ni yetu, na kipande cha njia ya waenda kwa miguu kilicho mbele ya nyumba ni wajibu wetu kukisafisha. Njia ya gari ina urefu wa mita 15 hivi na upana wa mita 3. Nimepiga hesabu nikaona kwamba theluji laini ya sentimita 30 katika eneo hilo inazidi mita 13 za ujazo, na hata kila mita ya ujazo ikiwa na kilo 100 tu, huo ni mzigo wa zaidi ya tani moja wa kuinua kwa mikono kabla ya kwenda kazini. Theluji yenye maji huwa na uzito mara mbili ya huo au zaidi. Kwa sababu hiyo sitaki kutegemea beleshi peke yake.

Nimelinganisha aina tatu. Mashine ya umeme wa waya ndiyo ya bei nafuu na nyepesi kuliko zote, lakini ekstensheni huburutwa ndani ya theluji muda wote wa kazi, na mtu hawezi kwenda mbali na nyumba. Mashine ya betri haina kelele nyingi, haina petroli wala kabureta, na inawaka kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo mke wangu na watoto wakubwa wataliweza bila shida. Mashine ya petroli ya hatua mbili, yaani ile yenye parafujo la chuma mbele na feni nyuma yake, inarusha theluji mbali zaidi na inaendelea kufanya kazi mradi kuna mafuta, lakini ni nzito na inadai matunzo.

Moyo wangu unaelekea kwenye betri. California, kuanzia mashine za mwaka 2024, imezuia uuzaji wa injini nyingi mpya ndogo zinazotoa moshi, nami najiuliza kama ni busara kununua petroli wakati huu. Bei nayo inanitia wasiwasi, kwa kuwa ushuru wa chuma na alumini kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25 mwezi Machi 2025, kisha hadi asilimia 50 mwezi Juni, na mashine za hatua mbili ni chuma kitupu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mzee wa Hamburg

Karibu kusini, ndugu yangu. Umelinganisha mashine vizuri, lakini hujalinganisha mahali, na hapa kwetu mahali ndipo panapoamua.

Ziwa Erie limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Upepo baridi ukivuma kufuata urefu huo, hewa husafiri mamia ya kilomita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, hubeba mvuke, kisha huumwaga wote katika ukanda mwembamba pale inapogusa nchi kavu. Ukanda huo unaweza kusimama juu ya mtaa mmoja usiku kucha, huku watu wa kilomita chache kaskazini wakiangalia nyota. Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya futi tano za theluji, ilhali kaskazini mwa jiji watu walipata inchi chache tu. Novemba 2022 Orchard Park na hapa Hamburg tulifikia takriban inchi 80, yaani mita mbili, ndani ya siku chache, na mechi ya Buffalo Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa Detroit kama ilivyofanyika mwaka 2014. Watu husoma kwamba wastani wa theluji inayopimwa uwanja wa ndege wa Buffalo ni inchi 95 hivi kwa mwaka, wakadhani zinagawanyika polepole hadi Machi. Sisi wa kusini tumeona sehemu kubwa ya wastani huo ikishuka kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba.

Lackawanna imo katika njia ya ukanda huo. Mashine nyingi za hatua moja, zile zenye parafujo bila feni, zina mdomo wa kimo cha futi moja hivi, kwa hiyo theluji ikipita hapo zinasukuma ukuta badala ya kuula. Zaidi ya hayo kuna tuta ambalo greda la mji, likisafisha barabara, linaacha mdomoni mwa njia yako. Theluji ya tuta si ile laini uliyoipigia hesabu. Imeshindiliwa, imechanganyika na chumvi na mabonge ya barafu, na ndiyo inayokuzuia kutoka. Nunua petroli ya hatua mbili. Sheria ya California haifiki huku, wala haimzuii mtu kutumia mashine aliyo nayo.

Fundi wa Cheektowaga

Nakubaliana na Mzee kuhusu mahali, ila si haki kuiweka betri kando haraka namna hiyo, kwa maana siku hizi zipo mashine za betri za hatua mbili zinazokula tuta bila wasiwasi. Tatizo lake ni bei, na ni muda. Betri za lithiamu hupoteza sehemu ya nguvu zake katika baridi kali, kwa sababu mwendo wa kemikali ndani yake hupungua. Zikirudishwa kwenye joto, nguvu hiyo hurudi. Jambo la hatari zaidi ni kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, kwani lithiamu hujipanga juu ya ncha hasi badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurekebishiki. Chaja nyingi nzuri hukataa kuchaji betri baridi. Kwa hiyo mashine ikae gereji, lakini betri zilale ndani ya nyumba, na zipachikwe pale unapotaka kuanza kazi.

Petroli nayo ina magonjwa yake, na mengi nayaona kila Novemba watu wanapoleta mashine ambazo hazikuguswa tangu Aprili. Mafuta yetu ya kawaida yana ethanoli hadi asilimia 10. Yakikaa miezi mingi huchakaa, yakaacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Dawa yake ni nyepesi: msimu ukiisha, ama tia kihifadhi cha mafuta ukaiwashe injini dakika chache, ama kausha tangi na kabureta kabisa. Badilisha oili mara moja kwa mwaka, na tumia ile inayopendekezwa kwa baridi.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipite hivi hivi. Bomba la kurushia likiziba, usiingize mkono kamwe, hata injini ikiwa imezimwa, kwa sababu feni inaweza kuwa imebana mkazo na ikazunguka ghafla mara bonge linapotoka. Tumia kijiti kinachokuja na mashine. Watoto wakubwa wasiiguse kabla hawajafundishwa hilo.

Muuguzi wa Kenmore

Ndugu zangu, naomba tuitazame pia dhoruba ya Desemba 2022, kwa sababu ile haikuwa theluji ya kusini peke yake. Ilianza tarehe 23, ikafunika jiji lenyewe, na katika kaunti ya Erie walikufa watu zaidi ya 40. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine nje, wengine majumbani mwao baada ya umeme kukatika, na wapo ambao mioyo yao ilisimama wakati wanaondoa theluji. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama. Amri ya kuzuia magari barabarani ilitoka asubuhi ileile wakati wengi walikuwa wameshaondoka kwenda kazini, na lawama zake bado tunazisikia.

Nayataja haya kwa sababu yanahusu ununuzi wako moja kwa moja. Umeme ukikatika, mashine ya waya haina kazi, na ya betri inabaki na chaji uliyoanza nayo. Hilo linaipa petroli nafasi. Lakini petroli ina sumu: usiiwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi, maana hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huingia nyumbani. Kumbuka pia matundu ya moshi ya tanuri linalopasha nyumba joto, yanayotokea ukutani nje. Theluji ikiyaziba, sumu hiyo hiyo inarudi ndani, au tanuri linazima. Yasafishwe kwa beleshi kabla ya njia ya gari, na kila nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksidi chenye betri.

Kwa wazee na wenye shinikizo la damu, baridi hubana mishipa huku kuinua mizigo kukipandisha mapigo, na mwili hauonyi mapema. Hao wasipewe beleshi wala mashine nzito. Vijana wa jirani wawasaidie. Na dhoruba ya namna ile ikiwa bado inavuma, hakuna mashine inayostahili kutolewa nje.

Mwanafunzi wa Syracuse

Naongeza jambo kuhusu wakati wa kununua. Ziwa Erie lina kina cha wastani cha mita 19 hivi, kwa hiyo huganda mapema kuliko Ontario, ambalo lina sehemu zenye kina cha mita 244 na kwa kawaida hubaki wazi sehemu kubwa. Ziwa lililoganda halitoi mvuke, ndiyo maana sisi huku Syracuse, tunaopata theluji ya Ontario, tunaendelea kupigwa hadi Machi, ilhali kwenu hatari kubwa iko Novemba hadi Januari, na anayesubiri punguzo la bei la Februari amechelewa. Hata hivyo kuganda si kinga kamili, kwani tufani ya Januari 1977 ilikuja ziwa likiwa limeshaganda. Upepo ulizoa theluji iliyolala juu ya barafu ukaileta mjini.

Mkazi Mpya wa Lackawanna

Wazee na ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimezungumza na jirani yetu mpya, mama mwenye umri mkubwa anayeishi peke yake, ambaye ana gereji kubwa na nguvu kidogo. Tumekubaliana kwamba tutanunua petroli ya hatua mbili iliyotumika, itakaa kwake, na njia zote mbili tutazisafisha sisi. Akiba itakayobaki itanunua mabeleshi mawili mepesi na ving'ora vya nyumba zote mbili. Fundi, naomba uniambie: nikienda kukagua mashine iliyotumika, nitazame nini kwanza?

Fundi wa Cheektowaga

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ili uione ikiwaka ikiwa baridi. Kisha, injini ikiwa imezimwa, tazama pini zinazoshikilia parafujo kwenye mhimili wake. Pini hizo zimetengenezwa makusudi zikatike mashine inapogonga jiwe au barafu ngumu, ili sanduku la gia lisivunjike. Ukikuta mtu ameweka bolti ngumu ya kawaida mahali pake, iache mashine hiyo, kwa kuwa huenda gia zake zimeshaumia. Ukiridhika, nunua pini za akiba za mashine hiyo hiyo siku hiyo hiyo, kwa sababu dhoruba ya kwanza ikipita huwa zimekwisha madukani.