Hawa watu wa malipo mnaowajua: "Kwetu iko sawa" ndiyo jibu gani?!

Koma_Moja (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina silitaji, mods watafuta uzi, ila kila aliyewahi kuunganisha mfumo wake na malipo ya simu anawajua. Wale wale. Toleo jipya kabla chai haijapoa.

Jana Ijumaa usiku wameshusha lingine. Hakuna barua pepe, hakuna tangazo, hakuna chochote. Kiasi cha pesa kilikuwa kinakuja namba tupu, 45000. Sasa kinakuja maandishi: "45,000.00". KOMA! Mfumo wetu wa tiketi ukifika kwenye koma unaishia hapo, unasoma 45.

Leo alfajiri stendi, mzee wa watu kashika simu, ujumbe wa muamala huo hapo, elfu arobaini na tano imekatwa. Konda anamwambia mbele za watu: "Mzee wangu, umelipa shilingi arobaini na tano." Hata pipi hupati! Foleni nyuma ya mzee imefika Kibaha. Nawapigia hawa jamaa, kijana anapokea, anabofyabofya, ananijibu: "Kaka, kwetu iko sawa."

Kwetu iko sawa! Kwenu wapi? Mzee anadaiwa 44,955 na basi limeshawasha injini!

Kutoa matoleo mara kwa mara sikatai. Kivinjari cha Firefox tangu 2020 kinatoka kila wiki nne, na maofisi yanayotaka utulivu yana toleo lao la ESR linalokaa muda mrefu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anafoka miaka nenda rudi: kernel, yaani kiini cha mfumo, ikibadilika, programu za watu zisivunjike. Hawa wanaongeza koma usiku, stendi nzima inasimama, halafu kwao iko sawa. KWETU IKO SAWA!

Mbezi_Deva:
Nakazia. Kwangu "PAID" iliamka asubuhi ikawa "Success". Nikaripoti, nikaambiwa soma ukurasa wa mabadiliko. Ukurasa umeishia 2021.

Shemeji_wa_Seva:
Pole mkuu, ila unapokeaje pesa bila kukagua kama ni namba au maandishi? Hapo umeula wa chuya mwenyewe.

Koma_Moja:
Wewe ndiye yule kijana wa simu, nimekujua. Nyaraka zao zimeandika NAMBA. Ukisema namba, leta namba. Mzee alisimama pale na ujumbe mkononi, mnamuambia arobaini na tano!

Toleo_la_Kwanza:
Dawa yake inajulikana. Ukibadilisha kitu kitakachovunja wengine, unapandisha namba ya kwanza, v1 inakuwa v2, na v1 unaiacha hai watu wahame taratibu. Stripe, wale wa malipo ya mtandaoni, wanaifunga akaunti yako kwenye toleo ulilolikuta ulipoanza, linabaki hilo mpaka uhame mwenyewe. Hapo wao wanaweza kutoa matoleo hata kila siku na mzee akapanda basi.

Koma_Moja:
Waambie! Ila watakujibu kwao iko sawa.

Msee_wa_Nai:
Wabongo mko na bahati, nyinyi ni koma tu. Huku kuna jamaa walibadilisha namba za simu kutoka 07 kuwa 254, Jumapili, bila neno. Wateja wote wakaonekana wapya, na pointi zao zote zikapotea. Boss alinipigia nikiwa kanisani.

Bibi_Kompyuta:
Mnalia koma? Machi 2016 mtu mmoja aliondoa left-pad, kipakiti cha kuongeza nafasi mbele ya neno, kule npm, ghala la pakiti za JavaScript; mistari 11 tu ya msimbo, miradi ikagoma kujengwa dunia nzima. Pakiti za watu mnazitegemea bila kuweka nakala yenu, halafu mnashangaa.

Shemeji_wa_Seva:
Hapo kwenye left-pad nakuunga mkono. Vijana wa siku hizi hata kuongeza nafasi mbele ya neno wanapakua.

Koma_Moja:
Tusitoke kwenye mada. Koma. Mzee. Kwetu iko sawa.

Duka_la_Jumla:
Afadhali nyie. Sisi programu ya risiti ikiapdetiwa haielewani na printa, karatasi inatoka, herufi hazisomeki, mteja anadhani namuibia. Fundi anakuja Jumatatu, leo Jumamosi. Nauzaje?

Mbezi_Deva:
Duka, ni ile printa nyeusi ndogo ya bluetooth? Usiiguse kabisa, rudisha programu ya zamani.

Duka_la_Jumla:
Ya zamani wameishaifuta.

Msafiri_Halisi:
Samahani wakuu, hilo basi ni la saa ngapi na lina AC? Nina safari ya Moshi wiki ijayo.

Msee_wa_Nai:
😂😂 Huyu naye.

Mwana_Korogwe:
Kama ni lile la bluu, AC yake ni dirisha. Na muziki wanafungulia mpaka Segera, hulali.

Msafiri_Halisi:
Na pale wanaposimama kula, wali kuku siku hizi shilingi ngapi?

Mwana_Korogwe:
Usiulize. Beba chapati zako.