Korea Kusini, Singapore au Ufilipino: mfumo upi wa ufundi unamfikisha kijana kazini?

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe mifumo mitatu kwa kigezo kimoja, yaani kama mwajiri anakiamini cheti. Korea Kusini ilianza na shule 21 za Meister, yaani sekondari za ufundi, mwaka 2010, kila moja ikiwa na fani yake, kama vile elektroniki au mitambo. Serikali hugharimia ada, na viwanda hushiriki kuandaa mtaala. Singapore, tangu Januari 2016, ilimpa kila raia aliyetimiza miaka 25 dola 500 za nchi hiyo ili ajilipie kozi. Ufilipino ina TESDA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1994, ambayo humpa cheti cha taifa yeyote anayefaulu upimaji, hata kama ufundi wake aliupatia mtaani. Mimi naegemea Korea.

Bi Karakana:
Shule zao sina neno nazo, ila soko lao la ajira ndilo linaloziangusha. Wahitimu wapatao 7 kati ya 10 wa sekondari huendelea na elimu ya juu, na kwa kuwa mishahara ya kampuni kubwa na ndogo inatofautiana mno, mzazi husita kumwelekeza mwanawe kwenye ufundi.

Mchomeleaji wa Muscat:
Bi Karakana umenena. Huku nafanya kazi na Wafilipino, na cheti chao kina uzito kwa sababu mtahiniwa huunganisha mabamba ya chuma mtathmini akimtazama, kisha huhojiwa kuhusu alichokifanya. Kasoro yake ni kwamba mafundi wengi huishia ughaibuni.

Mhasibu:
Singapore nayo isisifiwe kupita kiasi. Mwaka 2017 iligundulika kwamba genge lililotumia kampuni za kughushi lilikuwa limechota karibu dola milioni 40 za ruzuku za mafunzo. Penye fedha za umma, wauza kozi hewa hawakosekani. Dola 4,000 walizoongezewa wenye umri wa miaka 40 na zaidi mwaka 2024 zimefungwa kwenye kozi teule zenye uhusiano wa karibu na ajira, jambo ambalo naona lingefaa kufanywa tangu awali.

Mwanagenzi:
Kaka wa Muscat, cheti cha TESDA hudumu muda gani?

Mchomeleaji wa Muscat:
Miaka 5, kisha mwenye nacho hutakiwa kukihuisha.