Kovalenti bondi ni ngumu au laini? Mchanga na spiriti vinanichanganya

Dogo wa Tandika
Wakuu shikamooni, naombeni msaada nipo kidato cha tatu. Kwenye daftari tumeandika vitu vyenye kovalenti bondi (atomu zinazoshikana kwa kushirikiana elektroni) vinayeyuka na kuchemka kwa joto dogo, sawa, spiriti ukiimwaga mezani haikai na mshumaa kiberiti tu kinauyeyusha. Ila topiki hiyohiyo mbele inasema mchanga nao ni kovalenti na hauyeyuki mpaka kama nyuzi 1700! Bondi ileile inakuwaje huku dhaifu kule ngumu? Nataka kuelewa sio kukariri.

Mzee wa Maabara
Marahaba mwanangu. Hiyo sentensi ya daftarini inapoteza wengi maana haijamaliza maneno. Bondi sio dhaifu popote. Maji yakichemka, haidrojeni na oksijeni haziachani, mvuke ni H2O ileile, zingekuwa zinaachana jikoni pangejaa gesi mbili hizo na moto wa jiko ungelipua nyumba. Kinachoachia ni mvutano mdogo kati ya molekyuli (kikundi cha atomu zilizoshikana, kama hiyo H2O) na jirani yake. Spiriti hivyohivyo, nta hivyohivyo.

Sasa mchanga hauna molekyuli mojamoja. Kila silikoni imeshika oksijeni nne, kila oksijeni imeshika silikoni mbili, inaendelea hivyo mpaka mwisho wa punje, kwahiyo kuuyeyusha lazima ukate bondi zenyewe. Nenda soko la samaki Feri ukaangalie, ndoo ya dagaa ukiimwaga wanaachana na hakuna aliyekatika, ila wavu ukitaka kuutenganisha huna ujanja, unakata nyuzi.

Halafu cheki CO2 na SiO2, kwenye karatasi ni mapacha kabisa na kaboni na silikoni zipo kundi moja kwenye jedwali la elementi. Moja ndo mapovu ya soda, hata ukiigandisha inarudi kuwa gesi kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, nyingine ndo mchanga wa kujengea. Kaboni inashika oksijeni mbili kwa bondi mbilimbili, molekyuli inaishia hapo.

Mama Kemia
Naongezea mdogo wangu, almasi ya Mwadui na grafaiti ya Mahenge zote kaboni tupu. Kwenye almasi kila kaboni imeshika nne pande zote, ndo maana inakata kioo. Grafaiti imeshika tatu, inajipanga matabaka yanayoteleza, ndo hiyo ya penseli, na elektroni inayobaki inatembea kwenye tabaka ndo maana inapitisha umeme. Usije ukaandika bondi za grafaiti ni laini! Ndani ya tabaka ni ngumu kuliko za almasi, kinacholegea ni kati ya tabaka na tabaka.

Dogo wa Tandika
Daah asanteni sana, nimeipata. Sasa wanaotengeneza chupa wanauyeyushaje huo mchanga?

Fundi Tanuri
Hapo ndo kazini kwangu dogo. Mchanga peke yake gharama ya moto hutaiweza, tunachanganya na magadi yaliyosafishwa, sodiamu yake inaingia inakata baadhi ya zile silikoni-oksijeni-silikoni, mtandao unalegea na tanuri linafanya kazi kwenye nyuzi 1500 hivi. Ila ukiweka magadi tu kioo chake kinayeyuka kwenye maji, kwahiyo lazima uongeze mawe ya chokaa, kalisiamu ndo inakibana.