Wafungwa wa Visiwa vya Andaman chini ya Wajapani, 1942–1945: je, walipata uhuru?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nasoma habari za koloni la wafungwa ambalo Waingereza walilianzisha Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo vya Ghuba ya Bengal, mwaka 1858, baada ya maasi ya India ya mwaka uliotangulia. Nafahamu kwamba Wajapani waliviteka visiwa hivyo tarehe 23 Machi 1942 na kuwafungulia wafungwa. Je, watu hao walipata ahueni, au walibadilishiwa mabwana tu?

Jibu la kwanza
Ieleweke kwanza kwamba wafungwa wa kisiasa walikuwa wamekwisha kurudishwa India bara kufikia mwaka 1938. Waliobaki walifungwa kwa makosa ya kawaida, na baadhi yao walikuwa wakilima na kulea watoto nje ya kuta za gereza. Milango ya Cellular Jail, gereza kuu la Port Blair, ilifunguliwa kweli, lakini vyumba vyake vilijaa upya, safari hii kwa wenyeji walioshukiwa kuwa majasusi wa Waingereza. Daktari Diwan Singh, aliyeongoza tawi la visiwani la jumuiya ya kupigania uhuru wa India, aliteswa humo hadi akafa tarehe 14 Januari 1944. Linaloniuma zaidi ni kwamba Subhas Chandra Bose, kiongozi wa wapigania uhuru wa India aliyeshirikiana na Wajapani, alipandisha bendera ya India huria Port Blair tarehe 30 Desemba 1943, daktari huyo akiwa bado kizuizini. Mwezi mmoja baadaye watu 44 walipigwa risasi katika kijiji cha Homfraygunj.

Jibu la pili
Nakubaliana na aliyetangulia, ila nadhani njaa isisahauliwe, kwa sababu ilimgusa kila mtu, aliyefungwa na asiyefungwa. Koloni hilo halikuwahi kujitosheleza kwa chakula. Lilitegemea mchele ulioletwa kwa meli, na vita vilipoifunga njia ya bahari, kidogo kilichovunwa kilichukuliwa kwanza na askari. Agosti 1945, Wajapani wakiwa ukingoni mwa kushindwa, mamia ya raia waliohesabiwa kuwa midomo isiyo na kazi walipakiwa melini kwa ahadi ya kwenda kulima kisiwa cha Havelock, kisha wakalazimishwa kujitupa baharini usiku. Wengi walizama, na waliofika ufukweni hawakukuta chakula.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Je, Waingereza waliporudi waliendelea kupeleka wafungwa huko?

Jibu la pili
Hapana. Walirudi Oktoba 1945 na koloni la wafungwa likafutwa.